Maji ya Tansy Hollow Yanuka Hadi Saskatoon

Wanda Stiltner alikuwa jikoni, miguu juu ya kigoda, akiandika habari za paka wake ambazo hakuna aliyezisoma. Kwa miaka mingi alikuwa akitengeneza nywele za wanawake wa mji mdogo wa Tansy Hollow. Magoti yalipomlazimisha kufunga saluni, kimya kilimkera kuliko maumivu, ndipo akafungua blogu.

Wifi yake Loretta, dada wa marehemu mumewe, alimsomea makosa.

"Wewe leo paka, kesho siasa, keshokutwa kufuma. Mtu akiingia kwako hajui ni duka la nini. Shika moja, wifi."

"Nishike lipi?"

"Lile wenzako hawana."

Kesho yake Wanda aliandika juu ya mkate wa mdalasini. Kabla ya adhuhuri, Oksana Hrynchuk wa Saskatoon, mji wa mbali, alimwandikia kwamba alipomsoma, simu yake ilinukia mdalasini mpaka mumewe akateremka kutoka ghorofani kuuliza kifungua kinywa kiko wapi. Alichotaka kujua ni kama Wanda alitumia siagi au mafuta.

Siagi, Wanda akamjibu.

Basi uwanja wake ukawa umepatikana. Aliandika juu ya majani makavu yaliyonyeshewa, juu ya tandiko la farasi, juu ya koti la mumewe Earl lililotoka kwenye theluji. Mjane mmoja wa mji wa Duluth alilisoma lile koti kila asubuhi, macho yamefumbwa. Wasomaji wakaja makundi kwa makundi.

Kisha akaandika juu ya kahawa yake ya alfajiri. Kahawa haikuwafikia wasomaji. Yalifika maji.

Upande wa juu wa kijito kilicholisha mabomba ya mji kulikuwa na kiwanda cha kuoshea makaa ya mawe, na maji ya bomba yalinuka mayai viza na dizeli. Msemaji wa kiwanda alikuwa amewaeleza watu wa Tansy Hollow kwamba harufu hiyo imo puani mwao, si majini. Sasa ilikuwa puani mwa Saskatoon na Duluth pia.

Mama mmoja mwenye sauti laini alimpigia simu kutoka ofisi za mtandao ulioiweka blogu yake.

"Bi Wanda, wasomaji wanakupenda. Rudi kwenye mkate tu."

"Na mkate naukanda kwa maji gani, mwenzangu?"

Yule mama alisema ataulizia.

Loretta naye alikuja, hakukaa. "Mwanangu anakula kwa kiwanda kile, Wanda. Ukikifunga, utamlisha wewe?"

Wanda alimtazama wifi yake akishuka ngazi polepole, roho ikamuuma. Kisha akavaa koti, akaenda kwenye kikao cha baraza la mji.

Diwani Burl Cantley alikuwa akisoma taarifa ya vipimo vya maji. Wanda, kwenye kiti cha nyuma, aliandika maneno machache juu ya glasi ya maji iliyokuwa mbele ya diwani, akayatuma. Simu zote ukumbini zikaanza kunuka. Bwana Cantley aliiweka yake dirishani, akapangusa macho, akaendelea: maji yamepimwa, hayana harufu. Mikono ikainuliwa, na kiwanda kikaongezewa muda wa kibali.

"Bi Stiltner, una la kusema?" diwani akauliza.

"Nimeshasema. Mmelinusa."

Wasomaji wengine walihama. Waliobaki walizoea kumsoma nje. Oksana alisimama barazani kwenye theluji, skafu puani, akamwandikia, "Usiache." Loretta hakuja tena, ila alisoma kila siku, na jikoni kwake kulinuka mara mbili, bombani na simuni.

Jumatatu maji yalitoka rangi ya chai. Wanda alijaza beseni, akavuta kigoda, akaandika: "Leo tunafua mashuka." Akatuma.