Mikono ya Nguzo

Kaka mtu aliitwa Nguzo, dada mtu Manyoya. Majina hayo walipewa na watazamaji, yakawaganda mpaka nyumbani. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, na kundi lao la maigizo lilianzia kwenye karakana ya useremala aliyowaachia marehemu baba yao. Walitoa mabenchi, wakafagia maranda, wakatandika magodoro makuukuu sakafuni, na kuanzia asubuhi wakawa wanarushana na kudakana. Majirani walisema msiba umewapanda kichwani.

Mimi nilikuwa mshonaji wao. Waliniita shangazi, ingawa hatukuwa na udugu wowote. Kazi yangu kubwa ilikuwa suruali zao, maana zilichanika kila wiki mahali pale pale, pasipotajika mbele ya wakwe.

Michezo yao haikuwa na maneno. Walieleza kila kitu kwa shingo, mgongo na pumzi. Wakiigiza foleni ya hospitali, wawili tu, ungeapa umeona umati. Walizunguka kwenye kumbi za shule, wodi za wagonjwa, hata gerezani, kwa miaka kumi na sita. Kulikuwa na tendo moja watu hawakuchoka kuliomba: Manyoya anapanda mabegani mwa kaka yake, anasimama wima, kisha anajiachia kwa nyuma. Nguzo anageuka, anamdaka. Siku moja nilimuuliza Manyoya kama haogopi. Akacheka, akasema kuogopa ni kazi ya kaka, yake yeye ni kuanguka.

Mwaka wa kumi na saba Nguzo alikuja kwangu peke yake. Aliniomba nitoe vifungo vyote kwenye shati lake la jukwaani, nilipanue shingo, alivae kwa kulipitisha kichwani. Nilipomuuliza sababu, akaninyooshea mikono. Vidole vilikuwa vimelegea, vinatetemeka. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa neva, hauna dawa, utamla polepole. Alinisihi nisimwambie mdogo wake. Mabega bado yana nguvu, alisema, na wakiacha tendo lile kundi limekwisha, na mdogo wake hana maisha mengine anayoyajua.

Nikashona. Nikanyamaza.

Haikupita miezi mitatu. Ilikuwa alasiri, kwenye ukumbi wa shule, watoto wamejaa sakafuni. Mimi nilikaa pembeni na sindano zangu. Manyoya alipanda, akasimama, akajiachia. Nguzo aligeuka kwa wakati wake na mikono ikamfikia, niliona kwa macho yangu. Vidole havikufumba. Dada mtu akapita katikati ya mikono ile kama maji. Watoto wakapiga makofi, wakidhani ndivyo mchezo ulivyo.

Nyonga ilivunjika vibaya. Hospitalini, Nguzo alisimama mlangoni mwa wodi. Manyoya akamwita asogee, akamuuliza mikono ilianza kulegea lini. Akamjibu kuwa tangu mwaka jana.

"Kwa nini hukuniambia, kaka?"

"Niliogopa utaacha."

"Nisingeacha. Tungecheza chini tu. Ningecheza chini na wewe mpaka tuzeeke."

Nguzo alipiga magoti, akauficha uso kwenye shuka, akalia kwa kwikwi. Manyoya akamshika kichwa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, na ilikuwa nafasi yangu ya kusema kwamba nami nilijua. Mdomo ulikataa.

Hawakucheza tena. Nguzo aliishi miaka miwili na nusu, na aliyekuwa akimlisha kwa kijiko, huku ameegemea fimbo, alikuwa Manyoya. Karakana ikachukuliwa na fundi wa magari.

Wiki chache baada ya mazishi nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Manyoya kibarazani anachambua mchele, nikamweleza yote, tangu siku kaka yake alipobisha hodi kwangu. Akaacha kuchambua.

"Alikuomba unyamaze?"

"Aliniomba."

"Mimi ningekuomba useme."

Akaufunika mchele, akainuka kwa shida, akaingia ndani na kuurudisha mlango taratibu.

Siku hizi tukikutana sokoni ananijulia hali, ananiuliza macho yangu yanaendeleaje, kisha anashika njia yake, mguu mmoja ukiburuta. Hajawahi kuniinulia sauti. Afadhali angenitukana.