Askari wa Kukagua Magoti

Janeffer alikuwa ametoka kuchuma majani chai, ameosha miguu, amekaa jikoni akijikuna uvimbe wa mkononi. Ijumaa alikuwa amedungwa chanjo ya majaribio ya virusi vya UKIMWI katika kituo cha utafiti mjini Kericho. Uvimbe ulipasuka, akatoka askari wa kinga ya mwili, mdogo kama kiazi, amevaa kofia. Ng'ombe walipomaliza kukamuliwa alikuwa amefika urefu wa mlango. Janeffer alimpa chai, akamweka langoni.

Kazi askari alikuwa amefundishwa na nesi Chepkurui siku ya sindano, nesi akiongea polepole karibu na mkono wa Janeffer: "Adui utamjua kwa goti lake." Alimaanisha koti, lile ganda la nje la virusi. Sisi Wakipsigis k na g ni ndugu, na asiyependa akanunue majani chai kwingine.

Basi askari akakagua magoti. Pasta Kipsang alikunja suruali, akaingia, akaombea chakula. Mtu wa kupandisha ng'ombe alirudishwa kwa sababu ya kovu. Wamama wa chama walianza kupaka magoti mafuta kabla ya kuja.

Lakini aliyemnyima Janeffer usingizi ni mmoja tu, mumewe Kipyegon, dereva wa lori la viazi vya Londiani. Kila mwisho wa mwezi alirudi na koti jipya na harufu ya sabuni isiyo ya kwao. Kupimwa alikataa kabisa. Janeffer alikuwa amepimwa, yuko salama, na alitaka kubaki hivyo alee watoto wake.

Kipyegon aliporudi alionyesha goti. Halikuwa na neno. Askari akapiga saluti.

Janeffer alikasirika, akampeleka askari kituoni.

"Ni koti, mama, si goti," Daktari Nyamwange alisema. "Tena hilo koti virusi hubadilisha kila mara. Huyu tumemfundisha moja tu, la kahawia. Askari wa kutambua makoti yote ndiye bado tunatafuta. Lakini tumefika mbali."

"Mbali wapi, daktari?"

"Sasa anajua kuna koti."

Mwezi uliofuata Kipyegon alikuja na koti la buluu. Askari alilitazama mbele na nyuma, akapiga saluti.

"Baba Nelvine," Janeffer alimwambia pale pale langoni, "kesho twende tupimwe, sisi wawili."

"Nipimwe nini tena? Nimekaguliwa goti, nimekaguliwa koti, na askari wako mwenyewe. Ama humwamini?"

Janeffer akaingia kusonga ugali. Walipomaliza kula alimwita askari ndani, akamlaza katikati ya kitanda. Kipyegon alisogea ukutani.

Mpaka leo wanalala hivyo, watatu. Kipyegon analalamika kwa majirani kwamba askari anakoroma. Kupimwa, hajapimwa.