Munyama wa Mungu wa Theluji

Wanasema ulimi hauna mufupa. Wangu hauna hata haya. Muniache niseme yote leo, mimi Kamaliza, binti ya Nzabonimpa wa Ngungu.

Tulikuwa na ngombe kumi na mbili. Wenye bunduki walikuja asubuhi moja, wakamuua baba kwenye lango ya zizi, wakapeleka ngombe zote. Sisi tukakimbia mpaka kambi ya Lushebere: mama, mimi na mudogo wangu Gatera. Muchungaji bila ngombe iko nani? Muntu wa kukaa tu. Gatera alibakia na telefone ya kioo kimepasuka, na ndani yake jeu moja, muchezo wa kuchezea kwa vidole.

Jeu ile, eh! Kuna mungu wa inchi ya theluji, ndevu mpaka tumboni, na munyama wake wa kupanda. Munyama mwenyewe iko mubaya sana: mwili wa ngombe dume, meno ya chui, miguu sita, moshi unatoka puani. Maadui wanamuibia mungu munyama wake, wanamufunga minyororo. Wewe unayecheza unapanda mulima, unapuliza pembe. Munyama akisikia pembe ya bwana wake anakata minyororo, anakanyaga maadui wote, anakuja. Gatera alicheza kipande kile kimoja tu, kila siku, pale wanapochajia watu telefone. Akishamuita munyama, anarudia mwanzo.

"Kwa nini hauendelei mbele?" nikamuuliza.

"Dada, mbele kuna nini? Si amekuja?"

Ilinichoma roho. Mama analima mashamba ya watu, mimi nachota maji, na kijana wa miaka makumi mbili na mbili anachunga ngombe ya ndani ya kioo!

Siku moja Munyakazi, kijana wa moto, anayebeba watu kwa pikipiki, akafika toka Nyabiondo. Akasema: "Gatera, nimeona Bihogo yenu. Pembe ya kushoto imepinda, kiraka cheupe kwenye paji. Iko kwa wale wenye bunduki, juu ya kilima." Bihogo njo ilikuwa ngombe ya mahari. Bila Bihogo, wazazi wa Umugwaneza hawangemupa Gatera binti yao, na walikuwa wameshapendana miaka mitatu. Gatera akazima telefone.

Na mimi, mupumbavu, nikacheka. Nikamuambia mbele ya watu wote waliongoja kuchaji: "Si wewe njo mungu wa theluji! Puliza basi pembe. Kama Bihogo iko yako kweli, si itakuja yenyewe?" Watu wakacheka mpaka kushika mbavu. Yeye hakucheka. Kesho yake asubuhi akapanda moto ya Munyakazi, wakaenda.

Yaliyofuata nilielezwa na Munyakazi. Waliacha moto ndani ya migomba. Ngombe zilikuwa zinakula pembeni ya kilima, na wenye bunduki walikuwa wanachoma mahindi mbali kidogo. Gatera akaita. Kwetu muchungaji iko na wito wake, na ngombe alizochunga zinaujua kama mutoto anavyojua mama. Bihogo ikainua kichwa, ikashuka mbio, ikamulamba mikono.

Angegeuka pale pale, aingie migomba, leo angekuwa hapa. Lakini kwetu ngombe ikikujia haunyamazi. Unaijibu kwa sifa yake, na sifa ya ngombe inataja mwenyewe na baba yake. Gatera akasimama wima, akaisifu kwa sauti yote, akilia: Bihogo ya Gatera, Gatera wa Nzabonimpa, Nzabonimpa wa Ngungu! Zile zingine kumi na moja nazo zikashuka, zikamuzunguka. Munyakazi anasema hajapata kuona muntu mwenye furaha vile.

Wenye bunduki wakafika nyuma ya ngombe. Hawakumupiga risasi. Mukubwa wao akaangalia, akasema: "Sisi tunazipiga fimbo mpaka jioni, hazitembei. Wewe unaimba tu. Utabaki na sisi." Wakamufunga kamba, wakaenda naye upande wa Walikale.

Nilimuambia mama: mutoto iko hai, atatoroka, atarudi. Kila asubuhi tulisemeshana hivyo. Hatukuwa na kitu kingine.

Kisha mazizi ya Ngungu yakaanza kubaki tupu bila risasi hata moja. Mama Byukusenge, jirani wetu wa zamani, akafika kambini na matope mpaka magotini, wanaume wane nyuma yake na mapanga.

"Kamaliza, ngombe zangu zilitoka zenyewe," akasema. "Muntu aliita toka kilimani, zikavunja lango, zikamufuata. Ni nani alizichunga pamoja na zenu tangu utoto wake? Mwana wangu Habumugisha alikimbia nyuma yazo, wenye bunduki wakamuua. Uniambie: aliyeita ni Gatera ao si Gatera?"

Wale wanaume waliniangalia mudomo. Nikajua nikisema ni yeye, siku atatoroka watamukata njiani kabla hajamufikia mama.

"Gatera alikufa Nyabiondo," nikasema. "Munyakazi njo alimuzika."

Mama alikuwa ndani ya bâche, hema yetu ya turubai, anachagua maharagwe. Alisikia. Akapiga kilio cha kufiwa, wanawake wa kambi wakaja mbio. Mama Byukusenge hasira ikamuishia, akaingia, akamukumbatia, wakalia pamoja. Wale wa mapanga wakaondoka wameinamisha vichwa.

Watu walipopungua nikasogea karibu na mama, nikamunong'oneza sikioni: "Mama, nyamaza. Nilidanganya. Mutoto iko hai."

Akanipiga kofi.

"Kama iko hai," akasema, "basi njo yeye aliita, na Habumugisha akafa. Wangu mimi alikufa Nyabiondo." Akajifunika kitenge kichwani, akaendelea kulia, na mimi nikalia naye.