Ndama Waliofungwa Miguu

Kwa miaka minane niliwaambia watu wa bonde letu wachemshe maji. Nilikuwa daktari wao pekee, na sikuwa na shaka kwamba minyoo ya kichocho huingia kwa kinywa. Kila mwaka tulizika watu waliovimba tumbo, nami niliandika chanzo kile kile: maji mabichi.

Mwaka wa arobaini na mbili wa enzi ya Meiji, mfalme wetu wa Japani, Profesa Kuwabara alileta ndama sita ili kupima minyoo huingia wapi. Watatu aliwafunga vikapu mdomoni, akawanywesha maji yaliyochemshwa tu, akawasimamisha peku kwenye majaruba ya mpunga. Watatu wengine walikunywa maji ya majaruba hayo hayo, nao walisimama humo humo, lakini miguu yao ilizungushiwa karatasi ya mafuta isiyopitisha maji na vitambaa hadi juu ya goti.

Mjane Otsune alipita na miche ya mpunga mgongoni, akacheka.

"Daktari, hawa wamevaa soksi, wanakwenda harusini? Na Kiyo wangu yumo jarubani tangu alfajiri, mbona yeye humvishi?"

"Kiyo hahitaji soksi, Bi Otsune. Anahitaji maji yachemke vizuri."

Aliacha kucheka. Alikwisha kuzika mume na binti mkubwa. Kiyo ndiye aliyebaki. Mwezi Machi nilikuwa nimeona mayai ya minyoo kwenye choo cha Kiyo, nikamwambia mama yake hekaluni, mbele ya majirani, kwamba ni mzembe. Tangu siku hiyo alichemsha maji mara mbili.

Baada ya siku thelathini na tano tuliwachinja ndama. Kuwabara alipasua mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini. Waliokunywa maji ya jaruba hawakuwa na mnyoo hata mmoja. Katika yule wa kwanza aliyesimama peku nilihesabu mia tatu na kumi na saba.

"Inapita kwenye ngozi," alisema Kuwabara.

Nilimwomba awakague tena wale waliokunywa. Aliwakagua. Hakukuwa na kitu.

Alasiri ile ile nilikwenda kwa Otsune. Birika lilikuwa motoni. Nilimweleza nilichokiona.

"Kwa hiyo maji yangu?"

"Yalichemka vizuri tangu mwanzo."

"Na Kiyo?"

"Atoke jarubani leo, asirudi bila kufungwa miguu. Kwa minyoo aliyo nayo tayari, sina dawa."

Aliliepua birika, akaliweka chini.

"Miaka minane, Daktari. Kuni nakata mwenyewe." Kisha akasema, "Uliniumbua hekaluni. Kaseme huko huko."

Asubuhi iliyofuata niliwakusanya watu hekaluni. Otsune alikaa mbele, Kiyo ubavuni pake. Nilifungua daftari langu la wagonjwa, nikausoma mstari wa Machi neno kwa neno: *Mama mzembe, hachemshi maji.* Nikasema mzembe nilikuwa mimi, kwa kuwa sikuwahi kulipima nililokuwa nikiwafundisha.

Kisha nikawaeleza kwamba minyoo huingia kwenye ngozi ya miguu, si kwa kinywa. Kiyo alikuwa akijikuna kifundo cha mguu. Jirani mmoja akauliza karatasi ya mafuta inapatikana wapi.