Lenzi ya Shangazi

Lenzi ya kupandikizwa jichoni hushikwa ukingoni kwa kibano, katikati haiguswi. Nimewafundisha wauguzi wenzangu hivyo miaka tisa. Siku shangazi yangu alipopasuliwa mtoto wa jicho, mdomo ulinizidi. Nilikuwa nasimulia ugomvi wa jirani na mumewe, chumba kizima kinacheka, huku naipakia lenzi kwenye kibomba cha kuiingizia jichoni.

Daktari akaichungulia kwa hadubini. "Sista, umeikwaruza katikati. Lete nyingine."

Ya kipimo cha shangazi ilikuwa hiyo moja tu, na lenzi yake ya asili ilikuwa imeshatolewa. Tukalifunga jicho bila lenzi. Jumamosi harusi ya bintiye ataiona kama ukungu mtupu.

Shangazi, aliyesikia yote chini ya shuka kwa kuwa ganzi ilikuwa ya jicho tu, akanishika mkono pale mlangoni tukimtoa. "Haya mwanangu, jirani alimjibuje mumewe?"