Kapasita ya Masikio ya Baba

Watu wazima wawili waligombana sebuleni kwangu kwa ajili ya kitu kidogo kuliko punje ya harage. Mmoja ni mume wangu, mkodishaji wa spika za sherehe, ambaye mtaa mzima unamwita Besi na yeye anaona ni sifa. Wa pili ni mdogo wangu, mwalimu wa fizikia, anayeweza kukueleza habari za umeme mpaka chai ipoe, lakini balbu ya chooni kwake imeungua tangu alipohamia.

Mdogo wangu alikuwa anaunda amplifaya, yaani kikuza sauti, ya valvu, zile taa za vioo za redio za zamani, ili baba yetu asikie. Masikio ya baba yalishaziba. Ukitaka kumwambia kitu unapayuka mpaka majirani wanajua, kwa hiyo tuliacha. Mimi nilikuwa nachezesha midomo tu, anatikisa kichwa, yanaisha. Besi alizidi. Alisimama mbele ya mzee, meno yote nje, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Shikamoo baba. Ukitoka humu chumbani naweka spika zangu." Siku moja alikipima kabisa hicho chumba, kwa utepe wangu wa kushonea, baba amekaa kitandani anatutazama.

Mpango ulikuwa Jumapili shangazi aje amchukue baba akaishi kwake. Mdogo wangu akasema mtu hahamishwi kama kabati, asikie kwanza, ajibu mwenyewe. Akajiona shujaa. Kwamba baba anaweza kwenda kuishi kwake yeye mwalimu, hilo hakuligusa.

Basi, hicho kitu kidogo walichogombania ni kapasita. Inakaa kati ya valvu ya kwanza na ya pili. Umeme mkali inauzuia, sauti inaiacha ipite. Ikiwa kubwa, na mngurumo wa chini unapita. Ikiwa ndogo, mngurumo unabaki nje. Mdogo wangu alijaza pamba masikioni ili awe kama baba, akavaa hedifoni, akaniamuru nimsomee maneno kwenye maiki: pata, kata, chapa. Alianza na kapasita kubwa, ya nanofaradi mia, akashuka kwenye kumi, akaishia kwenye ndogo ya moja. Mwalimu mzima, pamba zimemtoka kama mto uliochanika.

"Mngurumo baba anao wa kutosha," alisema. "Anachokosa ni sauti nyembamba, zile za s na t na ch. Hizo ndizo zinabeba maneno."

Besi akavaa hedifoni, akasikiliza muziki kidogo, akazivua kwa vidole viwili.

"Shemeji, hii ni ampu au mbu ndani ya kopo?"

Jumapili asubuhi, mwalimu hajafika, Besi alifungua ile ampu, akaitoa kapasita ya moja na kulehemu ya mia. "Naipa kifua," aliniambia. Sijui kama alikuwa na nia mbaya. Kwa kichwa chake, kitu kisichotikisa madirisha hakijalia. Nilimtazama, nikaendelea kushona pindo langu kwenye cherehani.

Mdogo wangu akaja amevaa shati la heshima. Akamvisha baba hedifoni, akaweka maiki katikati ya meza, akasema, "Shikamoo, baba."

Baba akakunja uso. Alikuwa anasikia cherehani yangu, friji, miguu yetu sakafuni.

"Kuna lori limeingia humu ndani?" akauliza, akazivua.

Besi akacheka mpaka akashika mbavu. "Si nilisema? Masikio hayapo!" Mdogo wangu nusura alie. Akachomoa umeme, akafungua kisanduku, akaona. Akamwangalia Besi, kisha mimi. Niliinamia pindo.

Alikuwa na kapasita nyingine ya moja mfukoni. Wakati analehemu, Besi hakufunga domo, na hata baba alipovishwa tena hedifoni aliendelea kupiga porojo, akitabasamu kwa adabu mbele ya mzee.

"Hata mumvishe masufuria masikioni, leo anakwenda kwa dada yake. Spika zangu hazitalala nje kwa sababu ya kiziwi mmoja."

"Kitandani kwangu hazitalala," baba akasema.

Besi akageuka kuutazama waya wa hedifoni.

"Tena hata kupima hujui," baba akaendelea, taratibu, kama mtu anayeonja sauti yake mwenyewe. "Ulipima ukasahau kabati la mama yao. Shangazi yao akija, mpikie chai, anywe, arudi zake. Nyumba ni yangu."

Mwanamume yule alinywea pale pale. Mdogo wangu akapiga makofi, pumbavu, kama yuko uwanjani. Mimi nilicheka. Nilicheka kwa raha sana, nimeacha cherehani, machozi yananitoka. Kwa miaka yote nilimdharau Besi peke yangu, na hatimaye nimepata mwenzangu.

Baba akaisogeza maiki mpaka mbele yangu.

"Na wewe, mwanangu. Siku ile anapima, ncha ya pili ya utepe ilishikwa na nani?"

Mdogo wangu akaacha kupiga makofi. Nilichezesha midomo, kama nilivyozoea.

"Toa sauti," baba akasema. "Sasa nasikia."