Kama Ilivyo Kwenye Tovuti

Baba yangu, Chandulal, hajawahi kuandika hata neno moja kwenye intaneti. Simu yenyewe anaishika kama kitu cha mtu mwingine alichookota njiani. Kwa hiyo watu wa Marani walipoingia dukani kwetu kumwuliza kwa nini amemchafua marehemu wao, nilidhani wamekosea mlango.

Hawakukosea. Jengo letu liko hapa Kisii mjini. Chini tuna duka la uchapaji, na mimi, Megha, ndiye ninayechapa programu za mazishi, zile za rangi zenye picha ya marehemu akiwa na tai. Orofa ya kwanza kuna fundi wa suti, ya pili kliniki ya meno, na juu kabisa ofisi ya Thadeus Ogoti. Baba alivuta laini moja ya intaneti kwa ajili ya jengo zima na kuibandika paswadi ukutani kwenye ngazi. Tangu siku hiyo ngazi zetu zimejaa watu wasio na shughuli yoyote ndani ya jengo.

Thadeus ndiye mwanzilishi wa Gusii Wazi, tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kuandika habari za shule, mlima, ukoo au mtu maarufu wa Kisii na Nyamira. Pia ni mtetezi wa faragha. Hualikwa hotelini kuizungumzia, kukiwa na chai na mandazi. Sera ya faragha ya tovuti yake ni ndefu kuliko ukurasa wa mlima wowote, na inaanza hivi: "Tunakusanya taarifa chache iwezekanavyo kuhusu wachangiaji wetu." Ni kweli, hajadanganya. Wanakusanya chache, kisha hizo chache wanazianika. Ukijisajili kwa jina la uongo, tuseme Simba wa Manga, unafichwa vizuri kabisa. Ukiandika bila kujisajili, namba ya mtandao unaotumia inawekwa kando ya maneno yako, mbele ya dunia nzima, daima.

Drusilla hakulijua hilo. Yeye ni mhudumu wa mapokezi pale kliniki ya meno, na kama sisi sote amelelewa na vitabu vya wageni. Hapa kwetu kila ofisi ina askari mlangoni na kitabu cha wageni, na asiyeandika jina kitabuni hakuingia. Hivyo ndivyo tunavyojua. Drusilla akaona asijisajili, apite kimya.

Alichoandika kilikuwa kifupi. Mwalimu Manasseh Nyasani wa Marani, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, alikuwa amefariki, na ukurasa wake ulitaja watoto saba, "wote wa mama mmoja, Mungu ashukuriwe." Drusilla akaongeza chini yake: "Ana binti mwingine, aliyemzaa na Nyanchera wa Nyamache. Alimjua."

Binti mwenyewe ni yeye. Mwalimu alikuwa akija kliniki kutengenezewa meno. Alimwita Drusilla "mwanangu," kama alivyomwita kila mtu, akamtazama kidogo, halafu akajificha nyuma ya gazeti. Drusilla aliniambia hayo akilia, baada ya watu wa Marani kuondoka, na mimi si mtu wa kuvumilia machozi, nikampa karatasi ya kuchapia ajifutie. Shamba hakulitaka. Alitaka kitu kimoja tu: Alhamisi kwenye mazishi kule Marani, watoto watakapoitwa kwa majina watie udongo kaburini, naye aitwe.

Lakini wakati huo Job, mtoto wa kwanza wa Mwalimu, alikuwa bado amesimama mbele ya baba yangu na simu mkononi. Kando yake alikuwa baba yake mdogo, Mzee Ogeto.

"Mzee Chandulal, hatukuja na vita," Job alisema.

"Bwakire," Baba akajibu. Akiogopa hukimbilia salamu za Ekegusii.

"Namba ni hii hapa. Nimemfuata huyu mtu, ameandika mambo mengi sana. Anasema fundi bora wa suti Kisii yuko jengo hili. Anasema kliniki ya meno haifunguliwi Jumamosi, daktari ni Msabato. Amemtukana refa. Amebishana na watu wa Nyansiongo juu ya ndizi. Halafu akamwandika baba yangu."

Mzee Ogeto alitikisa kichwa. "Mtu mmoja ana hasira hivi?"

"Laini ni ya jina la nani?" Job aliuliza.

"Yangu," Baba alisema.

"Basi."

"Lakini mimi refa simjui!"

Nikaingilia kati. Niliwaambia namba hiyo ni ya jengo zima, pamoja na ngazi na kila anayekaa juu yake. Ilinichukua muda. Job alisikiliza kwa uso wa mtu anayeuziwa kiatu kidogo.

"Sawa," alisema mwishowe. "Atajulikana tu. Na tukimjua, Marani hatakanyaga. Kama ameajiriwa, tajiri wake atanisikia." Drusilla alikuwa kwenye kaunta, amekuja kuchukua kadi za kliniki. Alizihesabu upya kadi ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

Kisha Job akageukia shughuli yake. "Programu nazihitaji Alhamisi asubuhi. Historia ya marehemu itoe kwenye tovuti Jumatano saa kumi jioni, kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze. Ndugu zangu wa Amerika bado wanairekebisha, na sitaki kesi nao. Ule uchafu kamati ya tovuti itautoa leo."

Walipoondoka, Drusilla alikaa kwenye boksi la karatasi. Job hakuwa mjinga. Ilibaki afikirie kidogo tu: ni nani jengoni anayejali kwamba dunia ijue kliniki hufungwa Jumamosi?

Tukaiandikia tovuti, tukaomba ile namba iondolewe. Jibu lilikuja haraka, lenye adabu nyingi. Gusii Wazi inathamini sana faragha. Mwombaji anatakiwa kuweka ombi lake kwenye ukurasa wa majadiliano, ulio wazi kwa wote, akitaja jina lake kamili, namba ya kitambulisho na sababu ya kutaka kufichwa, ili wanajamii watoe maoni yao.

Drusilla alisoma mara mbili. "Wanataka nijitangaze ili wanifiche?"

"Na watu wapige kura," nilisema.

Nilipanda ngazi nikiwa nimewaka, nikiruka miguu ya vijana waliokaa na simu zao. Thadeus alikuwa mezani pake, na nyuma yake bango lenye kufuli kubwa na maneno TAARIFA ZAKO, HAKI YAKO.

"Megha, dada yangu, naelewa uchungu wake," alisema. "Lakini historia ya mabadiliko haifutwi. Huo ndio uti wa mgongo wetu. Tukimfutia mmoja, tutamfutia kila mtu."

"Haiwezekani hata kidogo?"

"Kiufundi haiwezekani."

Nikamfungulia orodha ya michango ya namba yetu. Nikapita fundi, kliniki, refa na ndizi, nikafika mahali ambapo mchangiaji huyohuyo asiyejulikana, akitumia waifai ya baba yangu, alikuwa ameandika kwamba Thadeus Ogoti ni "mwanafikra mashuhuri wa Afrika Mashariki na mnyenyekevu wa kupindukia."

Thadeus aliisoma kwa makini, kana kwamba ni habari mpya.

"Watu wanaokaa kwenye ngazi wanakupenda," nilisema.

Kabla ya chakula cha mchana mwanafikra mashuhuri alikuwa ametoweka. Hakufutwa ukurasani tu. Alifutika hata kwenye historia, ile isiyofutika, na mahali pake pakaandikwa "sababu za kiufundi." Nilidhani na ya Drusilla itafuata. Jioni kamati ikatoa uamuzi: sentensi ya binti wa Nyanchera imeondolewa ili kulinda faragha ya familia ya marehemu. Namba imeachwa kwenye historia kwa ajili ya uwazi. Yaani walimtoa mtoto, wakaacha nyayo zake. Nilitukana kwa Kigujarati, na Baba akaniuliza nani amekufa.

Jumatano alasiri Drusilla alishuka na mkoba wake begani. Hakuwa na machozi tena.

"Nimempigia mama kule Nyamache," alisema. "Nikamwambia wanaweza kunijua wakati wowote. Ameniambia, basi wajue kutoka kwako."

Akavuta kiti mbele ya kompyuta yangu, akafungua Gusii Wazi, na safari hii akabonyeza kujisajili. Palipoandikwa jina aliandika Drusilla Nyanchera Manasseh. Tovuti ikamletea onyo kwa rangi nyekundu: "Karibu! Kwa usalama wako, tunakushauri usitumie jina lako halisi."

"Ushauri mzuri," alisema, akaendelea.

Kwenye ukurasa wa Mwalimu hakuandika tena "binti mwingine." Alifika mwisho wa orodha ya watoto, baada ya wa saba, akaandika jina lake na la mama yake. Kisha akatazama saa ya ukutani, nami nikaitazama. Ilikuwa saa kumi. Nilinakili historia ya marehemu kama ilivyo, sikuongeza na sikupunguza, nikawasha mashine.

Kesho yake Marani kulikuwa na mahema, mchungaji, na mshereheshaji wa kukodi mwenye sauti nzito. Washereheshaji wa mazishi husoma chochote wanachopewa, hata jina la duka lililochapa. Huyu aliita watoto mmoja mmoja, kila mmoja akatoka, akatupa udongo. Baada ya wa saba hakupumua. "Na Drusilla Nyanchera Manasseh," alisoma.

Job alifungua mdomo. Lakini programu ilikuwa mikononi mwa umati wote, na vidole vilikuwa vimeshafika kwenye mstari huo. Mzee Ogeto alimtazama Drusilla alivyokuwa akitoka nyuma ya hema, akamtazama paji la uso na taya, akamwambia Job kwa sauti iliyofika hadi kwangu, "Kaa chini. Huyo ni wa kaka yangu." Drusilla akainama, akachota udongo kwa mkono.

Tukiwa tunarudi Kisii, simu yake ikalia. Gusii Wazi walikuwa wamemwandikia kwamba mchango wake umefutwa na akaunti yake imefungwa, kwa kuwa jina alilotumia linaonekana kuwa la mtu halisi. Ili ifunguliwe, athibitishe kwamba yeye ndiye.

Alinisomea hadi mwisho. Udongo wa Marani ulikuwa bado umekwama kwenye kucha zake, na alikataa kunawa hadi tulipofika.